Kupanda daraja katika gofu ya diski: uchambuzi wa raundi mbili na mitupo 124

Usuli

Mchezaji wa kisa hiki ni mtu mzima anayetupa kwa mkono wa kulia. Alikuwa na miaka mitatu katika gofu ya diski, na kati ya hiyo ni mwaka mmoja na ushei tu alioutumia kwenye mashindano rasmi. Majina, tarehe na mahali vimeondolewa. Mashindano yenyewe yalikuwa ya ridhaa, ya siku moja, raundi mbili za mashimo 18 kwenye uwanja uleule, kwa kanuni za PDGA, chama cha mchezo huu kilichoanzishwa mwaka 1976.

Kila shimo lina kiwango chake, yaani idadi ya mitupo ambayo mchezaji stadi anatarajiwa kutumia kutoka jukwaa la kuanzia hadi diski itulie kwenye kikapu cha minyororo. Uwanja huu ulikuwa na mashimo 15 ya mitupo mitatu, na matatu (la 6, la 9 na la 17) ya mitupo minne. Jumla ni 57.

Madaraja ya ridhaa hupangwa kwa alama za uwezo. Alama 1000 ndizo za mchezaji stadi, na kwenye uwanja wa kawaida mtupo mmoja huongeza au kupunguza takriban alama 10 za raundi. Daraja la wanaoanza ni la walio chini ya alama 850, la burudani ni chini ya 900, la kati ni chini ya 935, kisha linafuata la juu. Mlango uko wazi upande mmoja tu: unaruhusiwa kupanda daraja lililo juu ya alama zako, ila huruhusiwi kushuka chini yake. Kuna madaraja ya umri na ya wanawake pia, lakini hayakuhusika hapa.

Uamuzi wa kwanza: daraja gani?

Wiki tatu kabla ya mashindano mchezaji alikuwa na alama 885. Kanuni zilimruhusu kucheza burudani, na wengi wangebaki huko bila kosa lolote. Alikuwa ameshinda daraja hilo mara mbili mfululizo, mara ya pili kwa tofauti ya mitupo sita.

Alichofanya kwanza ni kufungua orodha ya raundi zake na kupiga hesabu. Alama za uwezo hutokana na raundi za miezi 12 iliyopita, na robo ya raundi za karibuni zaidi huhesabiwa mara mbili. Alikuwa na raundi 16. Raundi 12 za zamani zilikuwa na wastani wa 873, nne za mwisho wastani wa 903. Ukizidisha 873 kwa 12, ukaongeza 903 mara 8 (maana zile nne zinahesabika mara mbili), kisha ukagawanya kwa 20, unapata 885 kamili. Namba ya 885 ilikuwa inaeleza alivyocheza miezi mingi nyuma. Mchezaji aliyekuwa anaingia uwanjani wiki hiyo alikuwa wa 903.

Akachagua daraja la kati. Sababu zake alizoandika zilikuwa mbili: raundi zake za sasa tayari ziko juu ya mpaka wa 900, na alitaka kupangwa kundi moja na watu wanaocheza vizuri kuliko yeye. Kwetu sababu ya kwanza ndiyo nzito. Kucheza na waliokuzidi ni jambo jema, lakini, kama itakavyoonekana, ndiko matatizo yake ya asubuhi yalikoanzia.

Maandalizi

Siku tano kabla, alitembea uwanja mzima na kutupa kila shimo mara mbili. Akaandika mpango kwenye karatasi ndogo: namba ya shimo, diski ya kutumia, mahali pa kulenga, na upande ambao diski ikikosea haitaleta madhara makubwa. Safu hiyo ya mwisho wengi huisahau, nayo ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote.

Mpango wake ulitaka diski ya kasi kwenye mashimo manne tu. Hii haikuwa woga. Umbali wake wa kawaida kwa diski ya njia, yenye kasi ya 7, ni mita 95 hivi. Kwa diski yenye kasi ya 12 anapata mita 100 hadi 103 akiipatia barabara, na asipoipatia hukata kushoto mapema. Namba nne zinazoandikwa kwenye diski (kasi, kuelea, kupinda na kukata mwishoni) huwa kweli pale tu mkono unapoipa diski kasi inayoihitaji. Mkono wenye uwezo wa kasi ya 7 au 8 ukiitupa diski ya 12, kinachobaki ni ile namba ya mwisho: diski inakata tu. Kwa hiyo ziada aliyokuwa anaifuata ni mita nane kwa bahati.

Raundi ya kwanza

Mkutano wa wachezaji ulikuwa saa mbili na nusu asubuhi, mwanzo saa tatu, makundi yote yakianza kwa pamoja kwenye mashimo tofauti. Kundi lake la watu wanne lilipangiwa shimo la 11.

Shimo la 11 lina mita 84, limenyooka, na miti iko kushoto. Mpango ulisema diski ya kati (ya umbali wa wastani, rahisi kuielekeza), mtupo ulionyooka. Wenzake watatu walitangulia, wote kwa diski za kasi, na diski mbili zikalala chini ya kikapu. Akairudisha diski ya kati mfukoni, akachukua ya kasi. Ikakata kushoto ikaingia mitini. Mitupo minne, moja juu ya kiwango, na raundi ilikuwa bado na mashimo 17.

Mashimo mawili yaliyofuata yalienda sawa. Kisha shimo la 14.

Hili linastahili kuangaliwa kwa karibu. Ni mita 118, barabara inapita kushoto urefu wote, na barabara hiyo ni nje ya mipaka. Hakuna namna angefika kikapuni kwa mtupo mmoja. Mpango ulikuwa diski ya kati mita 75 upande wa kulia wa njia, mtupo wa pili wa mita 43 hivi, kisha kumalizia. Mitupo mitatu, bila kuikaribia barabara. Asubuhi ile upepo ulikuwa unavuma kutoka nyuma yake. Upepo wa nyuma hupunguza kasi ya hewa inayopita juu ya diski, nayo hutenda kama iliyotupwa polepole: inapoteza mwinuko na kukata mapema. Mtu wa mkono wa kulia akitupa bekhendi (mkono ukianzia ng'ambo ya kifua), kukata ni kwenda kushoto. Barabara iko kushoto. Yote manne (diski ya kasi, mkono usioitosha, upepo wa nyuma, barabara) yakaelekea sehemu moja, na diski ikavuka mpaka mita 80 kutoka jukwaani.

Adhabu ya nje ya mipaka ni mtupo mmoja, na mchezaji huweka kialama chake (kidiski kidogo kinachoonyesha mahali pa kutupia) hadi mita moja ndani ya mstari pale diski ilipotokea. Mtupo wa tatu ulifika mita 9 kutoka kikapuni, wa nne ukagonga fremu na kuanguka, wa tano ukaingia. Tano kwenye shimo la mitatu.

Alirudisha moja shimo la 15 kwa kumaliza chini ya kiwango, akapoteza moja la 18. Kwenye shimo la 3 ikaja adhabu ya pili. Alikuwa mita 7 kutoka kikapuni, mguu wa kulia nyuma ya kialama, wa kushoto nyuma zaidi. Diski iliingia vizuri na ikakaa. Lakini mguu wa kushoto uliyumba mbele na kukanyaga ng'ambo ya kialama kabla mwili haujatulia. Ndani ya duara la mita 10 mchezaji lazima aonyeshe amesimama imara nyuma ya kialama ndipo asogee mbele. Mwenzake mmoja akatamka kosa palepale, mwingine akathibitisha. Tatu ikawa nne.

Hakubisha, na hapo tunampa sifa kamili. Mchezo huu hauna refa nyuma ya kila kundi; wachezaji ndio wanaosimamia kanuni. Aliyetamka kosa hakuwa adui. Alifanya kazi ambayo kila mwanakundi amepewa, na wengi huikwepa kwa kuona haya.

Shimo la 6 alipoteza moja kwa mtupo mbovu tu wa pili, hakuna la kujifunza hapo. Shimo la 7 na la 10 yalifanana: alikuwa mita 14 na mita 12 kutoka kikapuni, akatupa kwa nguvu kutaka kupata moja chini ya kiwango, diski ikapita mita 8 nyuma ya kikapu, akakosa ya kurudia. Nne, na nne tena. Katikati yake alirudisha moja shimo la 8. Jumla ikawa 63.

Ila kadi haikusema 63. Mwenye kadi aliandika 4 kwenye shimo la 14, akisahau ile adhabu ya nje ya mipaka. Mchezaji aliulizwa, "Sitini na mbili?" akajibu ndiyo akiwa anafungua chupa ya maji, kadi ikawasilishwa. Dakika chache baadaye mwenzake mmoja akaikumbuka ile barabara, wakarudi mezani. Kadi ikiwasilishwa na jumla isiyo sahihi, kanuni ni kuongeza mitupo miwili juu ya jumla ya kweli. Sitini na tatu, jumlisha mbili: 65. Nafasi ya 12 kati ya wachezaji 14.

Mapumziko ya saa moja na nusu

Hapa ndipo siku yake ilipookoka. Hakwenda kurusha diski. Alikaa na kadi, akagawa mitupo yake yote katika mafungu manne: mitupo ya kufika (kutoka jukwaani hadi pale alipoanza kukilenga kikapu), majaribio ya kumalizia yaliyoingia, majaribio yaliyokosa, na adhabu za uwanjani. Ile miwili ya kadi aliiweka pembeni, kwa kuwa haikutupwa.

Mitupo ya kufika ilikuwa 30. Iliyoingia ni 18, kwa sababu kila shimo huisha kwa mmoja unaoingia. Iliyokosa 13. Adhabu 2. Jumla 63.

Akaichambua ile 13. Ndani ya mita 6 alikosa mmoja kati ya majaribio 16. Kati ya mita 6 na 10 alikosa 7 kati ya 9. Nje ya mita 10 alikosa 5 kati ya 6, na karibu yote ilimwachia diski mbali upande wa pili.

Maamuzi manne yakatoka hapo. Diski ya kasi itatoka mfukoni kwenye mashimo manne ya mpango pekee, watupe nini wengine. Akiwa nje ya mita 10 atasogeza diski chini ya kikapu badala ya kukishambulia, isipokuwa pale ambapo nyuma ya kikapu pana mwinuko wa kuizuia. Ndani ya duara miguu yote miwili ibaki chini hadi diski itulie, kisha ahesabu moja na mbili kimoyomoyo ndipo aokote kialama. Na kila shimo likiisha atatamka matokeo yake kwa sauti, adhabu ikiwemo.

Raundi ya pili

Makundi ya raundi ya pili hupangwa kwa matokeo, hivyo alijikuta na waliokuwa mkiani mwa daraja. Mmoja wao alikuwa na mkono wa kufika mita 120 bila shida, na alikuwa nafasi ya 13.

Shimo la 14 upepo ulikuwa umegeuka, unatoka kulia, ukisukuma kila kitu kuelekea barabarani. Alichukua diski ya kati akatupa fohendi (mkono ukianzia upande wake uleule), ambayo kwa mkono wa kulia hukata kwenda kulia, mbali na mpaka. Ilienda mita 70 tu. Wa pili ukafika mita 5 kutoka kikapuni, wa tatu ukaingia. Aliyetupa mbali kuliko wote katika kundi alitoka hapo na 5.

Alimaliza na 59: mashimo matatu moja chini ya kiwango, matano moja juu, kumi kwenye kiwango. Ukiigawa kwa mafungu yaleyale, mitupo ya kufika ilikuwa 33, iliyoingia 18, iliyokosa 8, adhabu sifuri. Ndani ya mita 6 hakukosa hata mara moja, majaribio 14 yote ndani. Kati ya mita 6 na 10 alipata 3 kati ya 7.

Matokeo

Mitupo 124 kwa raundi mbili, nafasi ya 9 kati ya 14. Zawadi, ambazo kwa wachezaji wa ridhaa ni vifaa vya mchezo na si fedha taslimu, zilifika nafasi ya 6, iliyomaliza kwa 121. Katika daraja la burudani, lililochezwa siku ileile kwa jukwaa zilezile, 124 ingekuwa nafasi ya tatu.

Uchambuzi

Tuanze na hiyo nafasi ya tatu, kwa sababu ndiyo iliyowafanya marafiki zake waseme alikosea kupanda. Hatukubaliani nao. Mtu anayecheza raundi za 903 hana cha kupima kwenye daraja lenye mpaka wa 900. Tena daraja halikumpokonya mtupo hata mmoja: kikapu kilikuwa palepale, barabara palepale. Mitupo minne ya adhabu (mmoja wa mpaka, mmoja wa mguu, miwili ya kadi) ingemgharimu vilevile popote pale. Iondoe, unabaki na 120, ndani ya zawadi za daraja la kati.

Kilichoharibika asubuhi ni kwamba alipanda daraja akadhani lazima apande na mtindo. Aliona wenzake wanatupa mbali akaamini umbali ndiyo nauli ya kuingilia. Mafungu yale manne yanasema kinyume. Raundi ya pili alitumia mitupo mitatu zaidi kufika, yaani alicheza kwa umbali mfupi, na bado akamaliza na mitupo minne pungufu. Mitupo mitatu ya ziada ilimnunulia makosa matano pungufu ya kumalizia na adhabu mbili pungufu. Hiyo ni biashara yenye faida, na mchezaji wa alama 885 anaweza kuifanya kila raundi bila kuongeza nguvu yoyote mkononi.

Tahadhari moja kwa wanaotaka kuiga: raundi moja ni ndogo. Tatu kati ya saba si tofauti kubwa na mbili kati ya tisa, na pengine mkono ulikuwa umepata moto tu. Kinachotushawishi zaidi ni kile alichokibadilisha kwa makusudi, kwamba majaribio ya umbali wa katikati na mbali yalipungua na yale ya chini ya mita 6 ndiyo yaliyobeba raundi.

Kupanga daraja kwa hesabu ya raundi badala ya kutazama namba moja kulifanya kazi. Karatasi ya mpango nayo ilikuwa sahihi tangu mwanzo, hata kwa shimo la 14. Tatizo ni kwamba ilikaa mfukoni. Hapo tunadhani kosa lilikuwa la maandalizi pia. Alifanya mazoezi ya uwanja akiwa peke yake. Hakuwahi kutupa diski ya kati baada ya kuona watu watatu wakitupa ya kasi, na kujizuia huko ni ujuzi unaohitaji mazoezi kama mwingine wowote. Zamu moja ya mazoezi na watu wenye mikono mirefu, akiwa amekatazwa kugusa diski ya kasi, ingemsaidia kuliko kuutembea uwanja mara ya pili.

Kuhusu mguu: kosa hilo halizaliwi siku ya mashindano. Mtu anayefanya mazoezi ya kumalizia kwa kutupa diski 10 mfululizo huanza kutembea kuzifuata, na mwili hujifunza kwamba kutupa na kutembea ni tendo moja. Dawa ni kuweka kialama chini kwa kila mtupo wa mazoezi, hata kama inachosha.

Kadi ndiyo inayouma zaidi, kwa kuwa mitupo hiyo miwili haikuhitaji kipaji chochote kuiepuka. Mwenye kadi alikosea kuandika, lakini kanuni inamwajibisha mwenye matokeo. Mahali ambapo kosa hutokea ni karibu kila mara palepale: shimo lenye adhabu. Watu huhesabu mitupo waliyoiona na kusahau ule ambao haukutupwa. Anayetoka kwenye shimo lenye adhabu atamke hivi: "Nne za kutupa, moja ya adhabu, tano."

Mchezaji bado yuko chini ya 900 na kanuni zinamruhusu kurudi burudani. Amejiandikisha tena daraja la kati. Mazoezi yake ya wiki sita zijazo ni mitupo 20 kwa siku kutoka mita 8, kialama chini, miguu chini, idadi iliyoingia ikiandikwa. Wiki ya kwanza wastani ulikuwa 7 kati ya 20. Na ile diski ya kasi ya 12 ameitoa mfukoni, akaweka diski ya pili ya kati inayofanana kabisa na ile aliyotumia kwenye shimo la 14.